Mkinzano Mkuu Umehama

Daftari langu ni la stoo ya shamba la mkonge,
safu mbili: Yaliyoingia, Yaliyotoka.
Upande wa kuingia niliandika maneno ya Fundi Shen
kama sikio langu lilivyoyadaka,
upande wa kutoka, Kiswahili changu.
Pongwe, mwaka wa sabini, tukichimba visima.

Chui wa karatasi hakunisumbua.
Beberu tulikuwa naye tayari, na ndevu zake.
Warekebishaji wa Moscow nilidhani ni mafundi saa
mpaka siku ile posta ya Tanga
Mrusi mmoja wa kupima miamba alipoingia,
na Shen, mtu wa kuamkia hata kuku,
akageukia ukuta akasoma bei za stempu.
Waliosoma kitabu kimoja
huchukiana kama wake wenza.

Neno lililonitoa jasho ni *maodun*.
Niliandika ugomvi. Nikafuta.
Niliandika utata. Nikafuta.
Shen akachora mchangani mkuki na ngao:
mkuki unaotoboa kila ngao,
ngao isiyotobolewa na mkuki wowote,
na vyote viwili vinauzwa na mtu mmoja, meza moja.
Mkinzano, basi.

Akasema, kila jambo lina mikinzano mingi,
lakini mmoja ndio mkuu. Ushike huo,
mingine itajipanga foleni.
Keekee ilipogonga jiwe futi ya themanini
alicheka: leo mkuu ni jiwe,
maji tutagombana nayo kesho.

Kisha Februari ya sabini na mbili.
Redio ya Mzee Hoza ilisema
mkubwa wa Washington ameshuka Peking
na mkono wake umepokewa.
Siku tatu Shen hakula na sisi.
Ya nne, akijifuta grisi vidoleni,
alisema polepole, kama asomaye barua ya msiba:
Mkinzano mkuu umehama.

Mama Chausiku, mpishi wetu, akauliza,
Umehamia wapi? Kuna nyumba huko?

Akanyoosha kidole kaskazini.

Kisima hakikuhama.
Futi mia na kumi na mbili, maji ya chumvichumvi,
tukayanywa.

Sasa mjukuu wangu Mwajabu anatoa mizigo bandarini.
Kichina amekisoma darasani, chenye sauti zote nne,
ananisahihisha nusu ya daftari.
Ananionyesha kwenye simu hotuba za huko:
beberu hayumo tena, yumo mbabe.
Kuna ushindani, kuna kuheshimiana,
kuna mashariki inayopanda na historia inayojua njia.
Babu, anasema, itikadi ni mambo ya enzi zenu,
hawa wanagombea biashara tu,
ushuru na vidude vidogo kuliko ukucha.

Namwambia soma tena, mama.
Mfanyabiashara akikutana na mpinzani wake
huuliza bei.
Hawa huuliza kwanza, tuko hatua ya ngapi?
Nani wa kupigwa, nani wa kungojewa,
na kipi kikuu kwa sasa?
Shen aliuliza hivyo hivyo, mbele ya jiwe.

Na msiniletee ile methali ya tembo na nyasi,
imenichosha.
Nyasi hazina daftari.
Mimi ninalo.

Jana alirudi na nakala ya fomu, imekunjwa mara nne.
Kontena moja, mashine za kuchambua mkonge.
Zimetengenezwa: China.
Mwenye mali: kampuni ya Marekani.
Amecheka peke yake jikoni, kisha kanyamaza,
kachukua daftari, kaenda moja kwa moja
kwenye ukurasa wa mkuki na ngao.

Babu, mbona kote umeandika kwa wino
na hapa, mbele ya neno adui,
umeandika kwa penseli?

Nikamwambia aangalie vizuri.
Karatasi pale imekuwa nyembamba
kwa kufutwa.